Uvungu wa Sentimita Tisa

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam akiwa amesimama kando ya barabara. Bodaboda zilipita na kelele zake kana kwamba ziko sebuleni kwangu, hapa Coventry.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umepata ajali?"

"Hapana mjomba. Gari inagusa chini."

Amenunua Mark X ya mtumba, nyeupe, gari ambalo Wajapani walilitengeneza wakiwa na barabara zao akilini, si hiyo ya kwenda nyumbani kwake. Fundi wake amemwambia dawa ni moja tu: spesa, vile vipande vinavyopachikwa kwenye springi ili gari linyanyuke. Aliniuliza mimi kwa sababu ukoo mzima unajua kwamba nina kigari cha wazi, kisicho na paa wala milango, nilichokiunda kwa mikono yangu, na kwamba kwa miaka karibu 20 nimekiendesha kikiwa juu ya lami kwa kimo cha ngumi. Dada yangu, mama yake huyu kijana, alipokiona mara ya kwanza aliuliza kama magurudumu mengine yatakuja baadaye.

Nilimwambia asikubali chochote hadi nimpigie. Kisha nikashindwa kulala, maana swali lake lilinirudisha kwenye ujinga wangu mwenyewe.

Kwa Kiswahili hatuna neno moja lililozoeleka la ile nafasi kati ya gari na ardhi. Gerejini watu husema tu gari liko juu au liko chini. Mimi huiita uvungu, kama uvungu wa kitanda, kwa sababu ndivyo nilivyoijua: kwa kulala chali chini yake.

Gari langu nililinunua likiwa halijakamilika, mwaka 2003. Lilikuwa fremu ya mabomba ya mraba iliyochomelewa na mtu aliyechoka katikati ya safari, pamoja na maboksi manane ya vipuri na kitabu kilichojaa alama za vidole vya grisi. Kitabu kilikuwa cha Ron Champion, kilichotoka mwaka 1996, kinachomwambia msomaji kwamba anaweza kujijengea gari la michezo kwa pauni 250. Waingereza wengi walikiamini. Pauni 250 zenyewe ziliishia kwenye matairi na rangi, lakini hilo hatulisemi mbele ya wake zetu.

Babu wa magari haya ni Lotus Seven, alilolitoa Colin Chapman mwaka 1957. Lilikuwa jepesi kupita kiasi, kama kilo 500 tu, na wengi walilinunua likiwa vipande, kwa sababu kodi ya mauzo ya Uingereza ya wakati ule ililielemea gari kamili na kuwaachia nafuu waliojiungia wenyewe. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1973 ilipoingia VAT, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuendelea kulitengeneza. Kodi imekufa, ugonjwa umebaki. Mpaka leo kuna watu wazima, wenye mikopo ya nyumba na watoto wa kusomesha, wanaopitisha majira ya baridi gerejini wakikata mabati ya alumini.

Gari la namna hii ni la chini kwa makusudi. Uzito ukikaa karibu na ardhi, gari halilali kwenye kona, na ukiligeuza linageuka papo hapo kama mbuzi. Ukiwa ndani unaweza kunyoosha mkono ukagusa lami. Shida ni kwamba injini haikuundwa kwa ajili yake. Yangu ilikuwa Pinto ya cc 2,000, injini ya Ford iliyozaliwa kukaa ndani ya magari marefu ya familia, na chini yake inabeba sampu, lile bakuli la chuma la oili, lililoning'inia kama kibuyu. Fremu nzima ilikuwa juu kiasi cha kuridhisha. Sampu peke yake ndiyo iliyokuwa sentimita 9 kutoka sakafuni. Niliipima kwa futi ya chuma usiku mmoja, gari likiwa tupu, nikaandika "9" ukutani kwa chaki na kwenda kulala nikiwa na furaha.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Gari tupu haliendi popote. Siku ya kulitoa, mwaka 2005, baada ya kupita ukaguzi wa serikali na kupewa namba inayoanza na herufi Q, ile yanayopewa magari yasiyo na ukoo wa kueleweka, niliingia mimi na kilo zangu 92, tisa ikawa nane. Mke wangu alikubali kupanda baada ya kubembelezwa, nane ikawa saba. Wala sikupima. Hesabu hiyo niliifanya baadaye, nikiwa na sababu ya kuifanya.

Mtaa wetu una yale matuta ya mito: vipande vifupi vilivyoachana, vimewekwa hivyo ili mabasi na magari ya wagonjwa, yenye magurudumu yaliyoachana sana, yavipite kwa kuviacha katikati ya magurudumu. Kimo chake karibu sentimita 7 na nusu. Niliona basi likipita bila kutikisika, nami nikaelekeza pua ya gari katikati ya mto, kama basi. Gari langu ni jembamba. Magurudumu yalipanda kidogo kingoni, lakini kilele cha mto kilikuwa kinaingoja sampu.

Sauti ile sijaisahau. Si mgongano, ni kama mtu anayeburuta sufuria kwenye sakafu ya saruji, halafu kimya. Mke wangu alinitazama. Nilisimama, nikapiga magoti, nikachungulia: hakuna oili iliyovuja. Nikacheka kwa sauti. Nikamwambia, "Unaona? Chuma cha zamani."

Wiki tano baadaye, kwenye kona ndefu nje ya mji, mshale wa presha ya oili ulianguka kama ndege aliyepigwa manati. Kabla sijaizima, injini ilikuwa imeanza kugonga. Nilirudi nyumbani nikivutwa kwa kamba.

Jirani yangu wa wakati ule alikuwa mzee aliyefanya kazi katika kiwanda cha magari hapa mjini zaidi ya miaka 30. Nilikuwa namwita Mzee, kwa Kiswahili, na alilipenda neno hilo kuliko jina lake. Alifungua sampu, akaigeuza, akaniwekea mkono wangu ndani yake nipapase. Pale ilipogusa tuta kulikuwa na kifundo kilichoingia ndani, kikubwa kama ganda la korosho. Kisha akanionyesha mdomo wa bomba linalofyonza oili kupeleka kwenye pampu. Mdomo huo unapaswa kuacha nafasi ya milimita chache kutoka sakafu ya sampu. Kifundo kilikuwa kimeuziba karibu wote. Kwenye barabara iliyonyooka injini ilikuwa inakunywa kwa tabu. Kwenye kona, oili iliposogea upande mmoja, haikupata kitu kabisa, na beringi za kranki zikakauka.

Mzee alisema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: ingevuja ningeponea hapo. Oili ingemwagika barabarani, ningeona, ningezima. Sampu iliyotobolewa inakulilia. Iliyobonyezwa inanyamaza.

Tangu siku ile, gari likigusa chini sichungulii tu kama linavuja. Nalala chini na tochi, napapasa. Likiwa limebonyea, nafungua. Mke wangu anaiita hiyo swala yangu.

Ungedhani baada ya hapo ningeshughulikia sampu. Hapana. Nilifanya kile ambacho fundi wa mpwa wangu anataka kukifanya. Shokapu za gari hili zina pete zenye nyuzi zinazobeba springi. Ukiizungusha pete, gari linapanda. Nilizungusha za mbele mpaka gari likanyanyuka sentimita 3, nikapiga picha, nikamtumia kila niliyemjua. Kwa siku mbili nilijiona nimeyashinda matuta ya Uingereza nzima.

Siku ya tatu nikaingia barabara ya kijijini yenye lami ya viraka. Kila gurudumu la mbele lilipopanda kiraka, stelingi ilijivuta yenyewe, kushoto, kulia, kana kwamba kuna mtoto ameishika kwa chini. Mikono inayoshika gurudumu na tairodi ya stelingi hupangwa ili zipande na kushuka pamoja, kila kimoja kikichora upinde unaolingana na wa mwenzake. Nilipoinua gari nilizitoa zote kwenye mpangilio wake. Sasa kila gurudumu lilipopanda, tairodi ililisukuma lielekee kwingine. Matairi nayo yalianza kulika upande mmoja. Lile gari lililogeuka kama mbuzi likawa linapepesuka kama mlevi anayerudi nyumbani.

Nikazirudisha pete mahali pake, nikajaribu matairi. Nilikuwa na 185/60 za inchi 13. Nikavaa 185/70 za rimu ileile. Ubavu wa tairi unaongezeka kwa asilimia 10 ya milimita 185, yaani gari linapanda milimita 18 na nusu, na hilo ni faida ya kweli, kwa kuwa linainua kila kitu, hata ekseli ya nyuma. Lakini gurudumu zima lilikuwa limekua kwa karibu asilimia 7. Mshale wa spidi ukaanza kusema uongo, gia zikawa ndefu, na tairi la mbele likawa linakwaruza madigadi nikikata kona kali. Niliziuza kwa mtu mwenye gari la zamani la kubebea maziwa.

Ndipo nikarudi mahali ambapo ningepaswa kuanzia. Gari langu lilikuwa na kitu kimoja kinachoning'inia, nami nilikuwa nahangaika kuinua kila kitu kingine.

Kukata sampu ni kazi ya wikiendi mbili na moyo mgumu. Unapiga grainda kuzunguka bakuli, unaondoa kipande cha chini, unachomelea sakafu mpya juu zaidi. Nilikata sentimita 3 na nusu. Kwa kuwa nafasi ya oili inapungua, unaongeza mabawa pembeni ili ujazo urudi, na ndani unachomelea kuta ndogo zinazozuia oili kukimbilia upande mmoja kwenye kona. Kisha bomba la kufyonza linakatwa lilingane na kina kipya. Hapa ndipo watu huua injini kwa mara ya pili. Mzee alichukua udongo wa kuchezea wa binti yangu, wa rangi ya waridi, akabandika donge kwenye mdomo wa bomba, tukafunga sampu na bolti zake zote, tukafungua tena, tukapima unene wa udongo uliosalia: milimita 8. Akatikisa kichwa kuridhia. Binti yangu alidai udongo wake kwa wiki nzima. Sampu mpya tuliijaza mafuta ya taa na kuiacha usiku kucha juu ya gazeti, kwa sababu mafuta ya taa hupenya hata tundu ambalo oili haitapenya. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu.

Nililala tena chini ya gari, nikapima. Sampu ilikuwa juu. Lakini uvungu ulikuwa sentimita 10 na nusu tu, si 12 na nusu kama nilivyotarajia. Kulikuwa na kitu kingine chini. Ilikuwa bolti ya kibano cha egzosi, niliyoifunga mwenyewe, kichwa juu, nati na nyuzi zake zote zikitazama lami. Nilikigeuza kibano. Sentimita moja na nusu, bila senti. Baada ya hapo nimewahi kulala chini ya magari ya watu wengi wanaolalamikia uvungu, na mara nyingi nimekuta kitu cha aina hiyo: kibano, waya, ukingo wa bati uliokunjwa vibaya. Watu hununua springi mpya kwa ajili ya bolti moja.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakuwahi kupanda gari langu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nalikaribia tuta nikiwa nimekanyaga breki mpaka nifike juu yake, na ndivyo nilivyokuwa najigongesha: breki inashusha pua. Unapunguza mwendo mapema, halafu unaachia breki kabla ya gurudumu la mbele kufika, ili pua inyanyuke. Mito ya mtaani kwetu naipanda kwa upande mmoja, magurudumu ya kushoto juu ya mto, ya kulia kwenye lami, na sampu inapita juu ya ukingo badala ya kilele. Kwenye tuta la ukuta mzima naingia kwa mshazari pale barabara inaporuhusu, gurudumu moja kwa wakati. Madereva walio nyuma yangu hunipigia honi. Wapige.

Lililonishangaza zaidi ni tuta refu. Sheria ya Uingereza inaruhusu matuta ya barabarani kuwa na kimo cha milimita 25 hadi 100, na yale ya mviringo yaliyotokana na majaribio ya miaka ya 1970 yana urefu wa mita 3.7. Nilikuwa nayaogopa kuliko yote. Milimita 100 ni kubwa kuliko uvungu wangu wa awali. Usiku mmoja nilikaa na penseli. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma gari langu lina mita 2 na robo. Tuta la mviringo likiwa refu hivyo, gari linapokuwa juu yake magurudumu yote manne nayo yako juu ya tuta, yameinuliwa pamoja na tumbo. Kinachochomoza kati ya ekseli hakifiki hata sentimita 4. Jini lililonitisha mwaka mzima lilikuwa linahitaji nusu ya nafasi niliyokuwa nayo, ilimradi nisilirukie.

Na kile kituta cheusi cha mpira kwenye maegesho ya duka kubwa, cha sentimita 5, kifupi kama gogo, kinachukua zote tano, papo kwa papo, bila kukuinulia gurudumu jingine. Maegesho ni ya mtu binafsi. Hakuna anayekuja na futi kuyapima. Humo ndimo nilimokwaruza mara nyingi kuliko barabarani.

Mwaka 2009 tulilipeleka gari Ufaransa, mimi na rafiki, kwenda kuangalia mbio za saa 24 za Le Mans. Tulivuka kwa feri ya Newhaven kwenda Dieppe, mizigo imefungwa nyuma na hema juu yake, uvungu umerudi kuwa wa kimaskini. Kuingia hakukuwa na shida. Kutoka, maji ya Dieppe yalikuwa yamepwa, na daraja la kushukia lilifanya pembe kali na ukingo wa gati. Kwenye pembe ya namna hiyo kimo cha gari peke yake hakikusaidii. Kinachogusa ni katikati ya tumbo, pale kati ya ekseli, au pua kabla gurudumu halijafika. Mfanyakazi wa feri alinyanyua kiganja, akatusimamisha, akayapitisha magari yote mengine. Nilidhani anatuadhibu. Kisha akaja na mbao mbili nene, akaziweka pale kwenye pembe, moja kwa kila upande, akatuashiria tuje taratibu kwa mshazari. Hatukugusa.

Nilipopanda zile mbao nilikuwa Pangani. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, kwenye gari la mjomba wangu, tukisubiri kivuko cha kwenda Bweni, na utingo alikuwa na mbao zake mbili, amezikalia kama kiti. Kila gari dogo lilipofika kwenye ukingo wa kivuko aliruka, akaziweka, akazipokea upande wa pili, hakuomba hata shilingi. Mjomba alinieleza, nami sikusikiliza, kwamba kijana yule alikuwa anajua kila gari la Tanga linagusa wapi. Tangu Dieppe nina mbao mbili nyuma ya kiti, kila siku, hata nikienda kununua mkate. Zina kazi ya pili: jeki ya kawaida haiingii chini ya gari hili. Ukipata pancha, lazima kwanza ulipandishe juu ya mbao ndipo jeki ipate mahali pa kuingia. Hilo nalo nilijifunza mvua ikininyeshea.

Jana nilimpigia mpwa wangu.

Nilimwambia asinunue spesa bado. Spesa itainua gari, ndiyo, lakini shokapu zitakaa zikiwa zimenyooka kuliko zilivyopangwa, na gurudumu likidondoka shimoni zitafika mwisho wa safari yake mapema. Gari lenyewe lina mita 2 na sentimita 85 kati ya ekseli na ekseli. Tuta lilelile refu linalonidai sentimita nne lingemdai kama sita, kwa hiyo ana haki ya kulalamika. Ila kabla ya kuinua kitu ajue kwanza kinachogusa ni nini. Nikamuuliza huwa anagusa akiwa peke yake au akiwa amepakia.

"Nikiwa na watu nyuma, mjomba. Na mbele pia, kidogo."

Nikamwambia springi za nyuma za gari la mtumba zimebeba watu wa nchi nyingine kwa miaka mingi, zinaweza kuwa zimechoka. Azilinganishe na mpya kabla ya kuzinyanyua kwa plastiki. Kuhusu mbele, achukue gazeti, alitandike, alale chini na tochi ya simu.

"Saa hizi mjomba? Nina shati la kazini."

"Vua."

Nilimsikia akihema, akiguna, akimwambia mtu asimkanyage. Halafu kimya kirefu.

"Sentimita kumi na moja, mjomba. Ila hapa kuna plastiki, ile ya kukinga injini kwa chini. Imelegea upande mmoja, inaning'inia."

"Imefungwa na nini?"

"Bolti hazipo." Akacheka. "Wameifunga kwa waya wa umeme."